Shati Lisilofuliwa

Nianze na harufu, maana balaa lote lilianzia puani mwangu.

Komadre wangu Basilia alikuwa na shati ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko huo ulining'inia kwenye msumari juu ya kitanda chake miaka mitatu mizima. Lilikuwa shati la mwanawe, Desiderio: jeupe lenye mistari myembamba, ukosi mpana wa nakshi nyekundu na zambarau, kama wanavyovaa wanaume wote wa mji wetu. Mama mtu alilifuma kwa mkono wake. Desiderio alilivua jioni moja baada ya kuchimba viazi kutwa nzima, na kulipokucha akaondoka kwenda Kaskazini kutafuta kazi, na nguo za dukani, ili njiani mtu asimjue katoka wapi. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Tangu siku hiyo shati halikuguswa na maji. Ukifungua ule mfuko ulipokewa na jasho, udongo na moshi wa kuni, na Mungu anisamehe, lilikuwa linanuka.

Tunaitana komadre kwa sababu mimi ndiye niliyemsimamia Desiderio ubatizo. Nilimbeba mimi mpaka mbele ya padri, akanikojolea blauzi mpya, kanisa zima likacheka. Kuanzia hapo Basilia aliacha kuniita kwa jina langu. Ni komadre asubuhi, komadre jioni, hata tukigombana: "Komadre, wewe ni mshenzi." Mimi naye tumetenganishwa na ukuta wa udongo tu, na ukuta wenyewe una ufa, kwa hiyo ya kwake nayajua na ya kwangu anayajua.

Ndiyo maana siku Desiderio alipoondoka niliyasikia yote. Basilia alilia, alibembeleza, akamfichia viatu. Alipoona haisaidii akapandisha hasira, na hasira za Basilia si mchezo.

"Ukitoka mlango huu usirudi! Umenisikia? Usirudi kabisa!"

"Nimekusikia, mama," kijana akajibu, kwa upole uleule wake.

Nani hajawahi kumwambia mwanawe maneno kama hayo? Mimi wangu wanne nimeshawaambia wafe, na wako hai, wanakula tu. Lakini Desiderio alikwenda kufa kweli. Eusebio, mtoto wa muoka mikate, ndiye aliyekuwa naye, na ndiye aliyepiga simu. Walitembea jangwani siku tatu. Siku ya tatu miguu ya Desiderio ikagoma, akaketi chini ya kinu cha upepo kilichoharibika, kile cha kuvutia maji ya ng'ombe, akasema anapumzika kidogo. Wenzake wakaendelea. Mahali penyewe ni Arizona. Hilo ndilo neno la huko ugenini ambalo kila mama wa mji wetu analijua, hata asiyejua kuandika jina lake.

Mwili ulirudi. Ulirudi ndani ya sanduku lililofungwa, tukakatazwa kulifungua, tukazika. Roho haikurudi.

Kwetu mtu akishtuka vibaya, roho yake hubaki palepale aliposhtukia. Mwenyewe atatembea, atakula, lakini hayupo. Basi ndugu yake huchukua nguo aliyoivaa, yenye jasho lake, huenda mpaka mahali pale, huipiga chini mara tatu na kumwita jina. "Twende. Usikae hapa. Twende nyumbani." Roho hujua harufu yake, huifuata. Mimi mwenyewe nimewahi kuitwa, nikiwa na miaka tisa, farasi aliponitupa kwenye korongo. Wiki mbili sikuwa nikisema wala kulia. Mama alikwenda na sketi yangu, na aliporudi nikaomba uji. Mtu akiniambia hayo ni ushirikina, huwa namuuliza ule uji niliombaje.

Na aliyekufa kwa hofu mbali na kwao ni hivyohivyo, tena zaidi. Basilia alikuwa akimwota. Ndoto ileile kila mara: Desiderio ameketi chini ya kile kinu, ametandaza miguu, anasema, "Mama, maji." Basilia ananyosha mkono, haufiki. Akiamka alikuwa akigonga ukuta wetu, mimi nasema, "Umemwona tena?" naye anasema, "Nimemwona." Hatukuwa na la zaidi. Nani wa kwetu angekwenda Arizona kupiga shati chini? Wanaokwenda hawasimami njiani.

Sasa ndipo akaja Mama Gwen.

Mimi hupokea wageni wanaokuja kujifunza Kihispania kwenye kile kishule cha nyuma ya soko. Nina chumba kimoja, na chumba changu kinang'aa, hilo nalisema bila aibu. Shuka nyeupe, blanketi nne, maua mezani. Mama Gwen alikuja mwezi wa mvua kukaa wiki tatu, mwanamke mzima, mwalimu mstaafu, mrefu mpaka akawa anagonga kichwa kwenye mlango wangu kila asubuhi, na kila asubuhi anauomba mlango msamaha. Kihispania chake kilikuwa cha kuchekesha mbavu.

"Faustina, mimi leo nasikia njaa mzuri," alikuwa akisema.

"Keti ule njaa yako mzuri kabla haijapoa."

Nilimpenda. Alitaka kupukuchua mahindi, vidole vikamtoka malengelenge. Lakini alikuwa msafi kupita kiasi: alikuwa na kichupa cha dawa ya mikono, akishika mbwa anajipaka, akishika mahindi anajipaka, akishika mkono wa mtu, baada ya muda kidogo, kwa siri, anajipaka. Niliona. Mimi naona kila kitu.

Basilia ndiye aliyekuwa akituletea chapati za mahindi. Siku ya nne, anafungua kitambaa mezani, Mama Gwen akataka kumsimulia habari za kwao. "Mimi kaa Arizona. Nyumba mimi, jangwa karibu."

Basilia hajui Kihispania, anajua lugha yetu tu. Mkono wake ukaganda juu ya kitambaa.

"Kasema nini huyu?"

"Kasema anakaa Arizona."

"Muulize kama ni karibu."

"Karibu na nini?"

"Komadre, usijitie ujinga."

Nikamwambia Arizona ni kubwa, asianze mambo. Akaondoka bila kuaga. Nilijua ameshaanza.

Jumapili baada ya misa alikuja amevaa blauzi yake ya harusi, nywele kazisuka na utepe, na mikononi ule mfuko wa nailoni. Mama Gwen alikuwa uani anakunywa kahawa. Basilia akapiga goti moja chini kama mbele ya mtakatifu, nikaona haya, nikamwinua kwa kwapa.

"Hebu simama, watu wanatazama!"

"Watazame. Mwambie mimi ni mama wa Desiderio. Mwambie sina mwingine." Alisema yote polepole, kama mtu aliyekariri. "Mwambie namwomba aende pale kwenye kinu. Si lazima kesho. Nimeandikiwa hapa jina la mahali, Eusebio kaniandikia. Apige shati chini mara tatu, amwite jina lake, amwambie, mama yako anasema twende nyumbani. Amwambie mama yako hakumaanisha yale. Na mwambie asilifue. Hilo mwambie vizuri, komadre. Asilifue."

Kisha akaufungua mfuko.

Harufu ikajaa ua. Mama Gwen alirudisha kichwa nyuma kidogo, kidogo sana, halafu akatabasamu kwa adabu. Mwingine asingeona. Na mimi aibu ikanipanda kutoka miguuni mpaka masikioni. Nikajiona niko shuleni tena, mwalimu anatuambia sisi wa milimani tunanuka moshi, turudi tukaoge. Nikamkumbuka mgeni mmoja wa mwaka juzi aliyesikia habari za kuita roho akacheka mpaka akatoa simu arekodi. Nikaitazama dawa ya mikono pale mezani. Nikasema moyoni, huyu mama wa watu nimtwike jasho la maiti na safari ya jangwani? Atatuona vipi?

"Anasema nini?" Mama Gwen akauliza.

Nikasema, "Huyu ni jirani yangu. Anasema amekupenda sana. Shati hili kalifuma mwenyewe, anakupa zawadi." Ningeishia hapo tu! Lakini ulimi wangu hauna breki. "Lilikaa jikoni, samahani kwa moshi. Ukifika kwako lifue. Maji baridi na sabuni kidogo, rangi zisichuje."

Mama Gwen macho yakamjaa machozi. Alilichukua shati kwa mikono miwili, akalikumbatia kifuani, harufu na yote, akasema, "Ndiyo. Ndiyo. Mimi tatunza." Basilia alipoona vile, akajua amekubaliwa, naye akaangua kilio. Wakashikana. Mmoja analia kwa kupewa zawadi na mwingine analia kwa mwanawe, na mimi katikati natafsiri kilio.

"Mfundishe maneno," Basilia akaniambia, anafuta kamasi. "Lazima amwite kwa lugha yetu. Desiderio akisikia Kihispania atadhani ni polisi."

Tukamfundisha. "Twende nyumbani." Basilia alimrudisha mara kumi mpaka sauti ikakaa sawa, na mimi nikamwambia Mama Gwen kwamba ndivyo kwetu tunavyoagana. Siku ya kuondoka alitoa kichwa dirishani mwa gari, akapunga mkono, akapiga kelele mtaa mzima umsikie: "Twende nyumbani! Twende nyumbani!" Watu walicheka. Basilia peke yake ndiye hakucheka. Alimwitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu anayempa mwenzake baraka ya safari.

Ile karatasi ya Eusebio ilibaki mfukoni mwa aproni yangu. Niliichoma kwenye jiko.

Nilijiambia nitamweleza Basilia wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja, nikasema ngoja mahindi yavunwe. Nilikuwa nikimwona amebadilika, anaimba uani, ananitania. "Komadre, umenenepa, hiyo sketi inakuomba msamaha." Alitandika mtande mpya wa nyuzi, akaanza kufuma shati jingine, la kuvisha msalaba wa kaburi Siku ya Watakatifu. "Akifika atafika mtupu," alisema. "Lile la zamani litabaki kwa yule mama." Ungemwambiaje mtu kama huyo? Wewe ungemwambia?

Siku ya Watakatifu ikafika. Mji ulikuwa na mambo yake, farasi wanakimbia, walevi wanaanguka, marimba tatu zinapigwa kwa pamoja na hakuna inayoisikiliza mwenzake. Sisi tulikuwa makaburini. Basilia alimwaga majani ya msonobari juu ya kaburi na maua ya njano kuanzia mlango wa makaburi mpaka msalabani, mwanawe asije akapotea. Msalaba aliuvisha shati jipya. Mbele yake aliweka viazi, mkate wa muoka mikate, na glasi ya maji iliyojaa mpaka ukingoni. Wafu wakija, maji hupungua. Kila mtu anajua. Kwenye kaburi la mama yangu yalipungua kidole kizima.

Tulikaa kutwa. Basilia hakuiondolea macho ile glasi. Jua kali, upepo, watoto wanaruka huku na huku, na maji, jamani, hata tone. Jua linazama bado yalikuwa ukingoni, yanatetemeka tu kwa marimba.

"Labda yuko njiani," nikasema. Kinywa changu hiki.

Alfajiri alinigongea ukuta.

"Umemwona?"

"Nimemwona. Palepale. Anataka maji."

"Basi huyo mama hajapata nafasi ya kwenda. Wana kazi nyingi wale."

"Alikwenda," Basilia akasema kupitia ule ufa, kwa sauti iliyotulia, na utulivu wake ndio ulionimaliza. "Yule mama ni mtu mwema, nilimwona macho. Alikwenda, akamwita. Ni Desiderio aliyekataa. Nilimwambia asirudi. Maisha yake yote hakuwahi kunikaidi ila siku ile moja, na sasa ananitii."

Niliuma blanketi nisipige ukunga.

Tangu hapo Basilia akaacha kuimba. Akaacha na kula, anavunja chapati anawapa kuku. Alitandika mtande mwingine, hata sijui wa nini, anafuma tu kutwa kama tunavyofuma kwetu, ncha moja ya nyuzi kwenye mkanda kiunoni, nyingine kwenye nguzo ya baraza. Wenzake walimwambia amempa mwanawe heshima zote. Anaitikia. Mimi nilimpikia mchuzi, hakuonja. Kila nikimtazama nasikia moyo wangu ukisema, mwambie, Faustina, mwambie hajakataa, mwambie hajaitwa. Na mdomo huu unaosema na milango ya watu, ukawa wa jiwe.

Wiki mbili baadaye simu yangu ikalia. Picha kutoka kwa Mama Gwen. Ukuta mweupe wa sebule yake, na ukutani fremu kubwa ya mbao, na ndani ya fremu, chini ya kioo, shati la Desiderio limetanuliwa mikono kama mtu anayepimwa na fundi. Ameandika, simu ikimtafsiria Kihispania: "Nilifua kama ulivyosema, maji baridi, sabuni kidogo, mara mbili. Tazama uzuri! Kila mgeni namwambia habari za rafiki yangu Basilia. Mwambie, twende nyumbani!"

Nilikaa juu ya gunia la mahindi nikalia mpaka kwikwi. Nililia kwa hasira yangu, kwa aibu yangu ya kipumbavu, kwa kile kitoto kilichonikojolea kanisani. Halafu nikanawa uso nikazunguka kwenda kwa Basilia mchana ule ule, maana nilijijua, nikingoja jioni nitapata sababu.

Alikuwa barazani amefungwa kwenye mtande wake, anapigapiga nyuzi. Nikapiga magoti mbele yake, magoti yote mawili.

"Komadre, Desiderio hajakataa."

"Simama, watu wanatazama," akasema, bila kuniangalia.

"Hajaitwa. Yule mama hakwenda popote. Hakuambiwa. Ulisema nimwambie, mimi sikumwambia. Nilimwambia umempa zawadi."

Mkono wake ukasimama. Alikuwa amefungwa mkanda ule, hawezi kuinuka ghafla wala kunipiga, na nilitamani anipige.

"Kwa nini?"

"Niliona aibu. Lilikuwa linanuka."

Nilitazamia matusi, ninayajua matusi yake yote. Hakutukana. Alinyosha mkono, akaitaka simu, nikampa ile picha. Akaisogeza karibu na uso, akaipeleka mbali, akaisogeza tena. Alilitambua. Alipitisha kidole kwenye ukosi, nakshi kwa nakshi, juu ya kioo cha simu.

"Mbona jeupe hivi?" akauliza.

Nikainamisha uso.

"Lilifuliwa?"

"Lilifuliwa."

"Si nilisema asilifue? Nani kamwambia alifue?"

"Mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwambia."

Akashusha simu mapajani. Hakukuwa na nguo nyingine yenye jasho lake. Viatu vyake alikwenda navyo, blanketi lake lilizikwa naye. Jasho la Desiderio lililobaki duniani lilikuwa lile, na lilimwagwa na maji machafu ya sabuni kwenye nyumba ya watu, Arizona, kwa ushauri wangu. Basilia alijua hivyo na mimi nilijua hivyo. Kuku walikuwa wanadonoadonoa vipande vya chapati miguuni petu.

Kisha akaniuliza kama pale penye fremu pana meza chini yake, au rafu. Nikatazama. Nikamwambia pana kimeza.

"Mwandikie," akasema. "Mwambie aweke glasi ya maji hapo. Ajaze. Asubuhi amwage, aweke mengine." Akanirudishia simu, akaishika tena fimbo yake ya kufumia. "Na safari hii, Faustina, sema ninachosema mimi."

Nikaandika palepale, bado nimepiga magoti, neno kwa neno. Mama Gwen akajibu upesi kwamba ni desturi nzuri sana, akauliza maji yawe ya moto au baridi. Nikamuuliza Basilia.

"Baridi," akasema.